Kocha mpole anamtaka nje ya mstari, kocha mkali anamtaka chini ya kikapu: mwanangu aende kwa nani?

BARUA

Mshauri, salamu nyingi kutoka Iowa.

Mimi ni mama wa watoto watano. Tulitoka Fizi, Kivu ya Kusini, tukaishi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na wadogo wawili walizaliwa humohumo kambini. Tulipoletwa Marekani huyu mkubwa alikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa ana kumi na minane, tumeshaapa uraia, na urefu wake ni futi sita na inchi tisa bila viatu. Kwetu hatuna watu wafupi, lakini huyu hata milango ya nyumba tunayopanga inamsumbua.

Kambini alikuwa golikipa. Mpira wa kikapu aliuanzia hapa, darasa la tisa, baada ya mwalimu wa michezo kumwona anapita tu kwenye korido ya shule. Leo watu wanamjua kwa kuzuia. Mtu akiingia ndani na mpira, mwanangu anaufuta. Mipira inayorudi kutoka kwenye ubao anaikamata yeye, na akipewa pasi karibu na kikapu anadanki. Zaidi ya hapo bado anajifunza. Mimi mwenyewe mchezo huu siujui, niliuokotaokota tu kwa kukaa na wazazi wengine na kusikiliza wanachopigia kelele.

Vyuo viwili vinamtaka. Vyote ni vya Divisheni ya Kwanza, daraja la juu kabisa la michezo ya vyuo, na vyote vinatoa ufadhili kamili: ada, chumba, chakula, vitabu.

Cha kwanza ni kikubwa, kinaonekana kwenye televisheni. Kocha wake alikuja kwetu na msaidizi wake. Ni mtu mpole, sauti yake ya chini. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akala ugali na sombe, akaomba kuongezewa. Kisha akafungua tableti akatuonyesha mchoro wa uwanja uliojaa madoa: mengi nyuma ya mstari wa pointi tatu, mengi chini kabisa ya kikapu, na katikati peupe. Akasema ndivyo timu yake inavyocheza. Wanakwenda haraka, wachezaji wote watano wanatawanyika ili katikati pawe wazi, na kila mtu awe anaweza kutupia. Akasema mwanangu ana mkono mzuri, watamfundisha kutupia kutoka mbali, na akishalijua hilo kwa urefu alionao, NBA itamwita yenyewe. Ila mwaka wa kwanza hatacheza. Atafanya mazoezi na wenzake na atasoma, lakini siku za mechi atakaa benchi na nguo za kawaida. Kuna na pesa. Walisema si nyingi kwa vyuo vya aina ile, lakini ni zaidi ya ninachopata kwa mwaka kwenye kiwanda cha nyama, zamu ya usiku.

Cha pili ni kidogo, saa nne kwa gari. Huko tulialikwa sisi. Kocha ni mzee, ameshinda mechi nyingi, na timu yake inacheza polepole, kazi yao ni kuzuia. Anataka mtu mrefu wa kusimama nyuma ya wenzake, akasema mbele yangu: "Huyu mwaka wa kwanza atacheza dakika kumi na tano, labda ishirini." Nilifurahi. Halafu tukaketi kuangalia mazoezi. Mshauri, yule mzee anafoka! Kijana mmoja alichelewa hatua moja tu kuhamia upande ulikokwenda mpira. Kocha akapuliza filimbi, akamwendea mpaka usoni, akamwambia maneno ambayo binti yangu alikataa kunitafsiria. Timu nzima ikakimbizwa kwa ajili yake. Baadaye nikamwona kocha huyohuyo amemshika yule kijana bega, pembeni, wanaongea muda mrefu, kijana anaitikia kwa kichwa. Sikusikia walichosema. Pesa huko karibu hakuna.

Baba yake ni dereva wa malori, siku nyingi hayupo. Kwenye simu anasema, "Chuo kikubwa, basi." Mchungaji wetu anasema aende atakapocheza, maana kumkalisha mtu mwaka mzima ni kumdharau. Kocha wake wa sekondari anasema mchezo wake ni wa yule mzee, hakuna mjadala. Nikimwuliza mwenyewe ananijibu, "Popote mtakaposema, mama." Lakini nikitoka kazini alfajiri napita kwenye uwanja wa kanisa, namkuta anatupia kutoka mbali, peke yake. Mingi inakosa. Anaufuata mpira mpaka kwenye uzio, anarudi, anatupa tena.

Na kuna jambo la uuguzi. Ndilo analotaka kusomea. Kule Nyarugusu alimwuguza bibi yake mpaka siku ya mwisho, na tangu hapo hajabadilisha kauli. Makocha wote wawili walisema hakuna shida.

Wanataka jibu mwezi huu. Naogopa kumpa kocha mpole ambaye mchezo wake si wa mwanangu, na naogopa kumpa kocha ambaye mchezo wake ni wa mwanangu lakini mdomo wake si wa kumfokea mtoto wa mtu. Sisi tumeshakimbia watu wa kufoka. Nifanyeje?

Mama wa Mrefu, Iowa

JIBU

Mama wa Mrefu, pole na zamu za usiku, na hongera kwa malezi. Unasema mchezo huujui, lakini umeona madoa ya kwenye tableti, umeiona hatua moja iliyochelewa, umeliona bega lililoshikwa pembeni. Wapo wazazi waliocheza wenyewe ambao wangetoka pale wakikumbuka ukubwa wa ukumbi na idadi ya vikombe kabatini. Kwa hiyo nitakujibu kwa kurudi kwenye vitu ulivyoviona.

Ninavyokuelewa, ulitarajia mambo mawili yakae kwa mtu mmoja, yaani kocha wa kumlea mtoto na mchezo wa kumfaa, nawe umeyakuta yamegawanyika. Juu yake zimewekwa pesa, mwaka wa kukaa benchi, uuguzi, na sauti ya baba kwenye simu. Hapo mtu yeyote angekosa usingizi.

Tuanze na huyo wa tableti, kwa sababu mchezo wake ndio unaokutisha. Hakuubuni yeye, siku hizi umeenea sana. Kwenye vyuo anayejulikana zaidi kwa mchezo huo ni Nate Oats wa Alabama, ambaye kabla ya ukocha wa vyuo alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Michigan, na ukweli ni kwamba ni hesabu tupu: shuti la katikati linakosa mara nyingi kuliko la chini ya kikapu na bado linaleta pointi mbili tu, sasa la nini? Bora upige la karibu kabisa au la mbali lenye tatu. Mtu akisikia hivyo anaona mchezaji mrefu asiyetupia hana kazi pale. Lakini Alabama hiyohiyo, misimu ya 2021-22 na 2022-23, ilikuwa na Charles Bediako, Mkanada wa futi saba ambaye hakuwa mtupiaji wa mbali. Yeye alikuwa anaweka skrini, yaani anasimama njiani kumziba mlinzi wa mwenzake, anakimbilia kikapu, anadanki, na nyuma analinda. Wapinzani wakimfuata yeye, watupiaji wanabaki peke yao. Mwaka 2023 timu hiyo iliingia mashindano ya taifa ikiwa imepangwa ya kwanza kati ya timu zote 68.

Kwa hiyo pale kwa kocha mpole kuna kazi mbili ambazo kijana mrefu anaweza kupewa, na wewe umeelezwa moja. Moja ni hiyo ya Bediako, ambayo mwanao anaikaribia tayari. Nyingine ni kugeuzwa kuwa mtupiaji, na hiyo inaweza kuchukua miaka, au isifike. Mstari wa pointi tatu kwa wanaume wa vyuo uko zaidi kidogo ya futi 22 kutoka kikapuni. Ningependa kujua, na wewe bila shaka ungependa kujua: asipojifunza kutupia, bado ana nafasi kwenye timu hiyo? Muulize hivyohivyo, bila kuzungusha.

Sasa yule mzee. Kwa ulivyoeleza, anafundisha ulinzi wa aina ambayo Dick Bennett aliijenga huko Wisconsin na mwanawe Tony akaipeleka Virginia. Mmoja anambana mwenye mpira, wanne wanarudi ndani, karibu na kikapu, na kila mpira unapohama nao wanahama pamoja. Mmoja akichelewa mlango umefunguka, na atakayelipa ni yule mrefu wa nyuma, ambaye itabidi aache mtu wake aje kuziba, pengine achezee rafu. Huyo wa kuziba ndiye angekuwa mwanao. Ndiyo maana filimbi ililia kwa hatua moja. Sisemi alikuwa na haki ya kusema aliyoyasema, maana mimi pia binti yako hajanitafsiria. Nasema tu kwamba kosa lilikuwa kosa kweli.

Lakini hapo kuna jambo ambalo ningeomba uliangalie kwa utulivu. Umeuunganisha ulinzi na kufoka, kana kwamba ni kifurushi kimoja. Tony Bennett alifundisha ulinzi huohuo na alijulikana kwa utulivu wake. Mwaka 2018 timu yake ilikuwa ya kwanza katika historia ya mashindano ya wanaume kupangwa namba moja kisha kutolewa na timu ya namba 16, yaani ya mwisho kwenye kundi lake, UMBC, tena kwa 74-54. Nchi nzima ilimcheka. Mwaka uliofuata, kwa ulinzi uleule, walichukua ubingwa kwa kuwafunga Texas Tech 85-77 baada ya dakika za nyongeza. Kwa hiyo mzee wako hafoki kwa sababu mfumo unamtaka afoke. Anafoka kwa sababu ndivyo alivyo, au ndivyo alivyofundishwa, na hilo lipimwe peke yake.

Namna ya kulipima ni kuangalia yanayofuata. Wewe mwenyewe umeona sehemu: bega, mazungumzo marefu, kichwa kinachoitikia. Kuna waliofoka wakajenga watu. John Thompson wa Georgetown, mtu mweusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa taifa wa Divisheni ya Kwanza akiwa kocha mkuu, mwaka 1984, hakuwa mtu wa kuchekacheka, na vijana wake walimwogopa. Mezani kwake aliweka mpira uliotolewa upepo, kuwakumbusha kwamba siku moja utaisha. Kati ya wachezaji waliokaa kwake miaka minne, kama asilimia 97 walihitimu. Mmoja wao ni wa kwenu, marehemu Dikembe Mutombo, aliyefika Georgetown akitaka kuwa daktari, akaondoka mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia, kisha akawa mlinzi wa kikapu ambaye dunia nzima inakijua kidole chake cha kutikisa akishazuia mpira. Lakini kwa kila Thompson kuna wengi walioiga sauti tu. Mtoto wa watu anafokewa miaka minne, anatoka hapo anauchukia mpira na hana shahada. Hatari hiyo ni ya kweli, na wala hutii chumvi unapoiogopa.

Umeandika, "Sisi tumeshakimbia watu wa kufoka." Niliposoma hapo nilisimama. Mama, hayo ni masikio ya nani, yako au yake? Inawezekana ni yenu wote wawili. Inawezekana kelele za uwanjani yeye anazisikia kama kelele za uwanjani tu, na wewe unasikia kitu kingine kabisa, kwa sababu unayoijua. Jibu liko karibu nawe. Amecheza miaka minne sekondari, na sina shaka ameshafokewa. Baada ya kufokewa alicheza vipi dakika tano zilizofuata? Alijikunja, alikasirika, au aliendelea kama hakusikia? Umekaa kwenye viti vile. Hilo unalijua kuliko makocha wote wawili.

Kuhusu mwaka wa kukaa, mchungaji anasema ni dharau. Namheshimu, ila hapa ningemwomba asikilize habari za Mamadi Diakite. Kijana huyu alitoka Guinea, akaenda Virginia, na mwaka wake wa kwanza, 2015-16, hakugusa mpira katika mechi hata moja. Akafanya mazoezi, akanyanyua vyuma, akasoma. Machi 2019, timu yake ikiwa nyuma ya Purdue kwa pointi mbili na saa ikielekea sifuri, ni yeye aliyepokea pasi akatupa, mpira ukaingia mlio ukilia, na bila shuti lile ubingwa niliokutajia hapo juu usingekuwepo. (Shuti lenyewe, kama unapenda kujua, lilitoka palepale katikati ambapo kwenye tableti ya kocha wako ni peupe.) Mwenzake De'Andre Hunter naye alikalishwa mwaka wa kwanza, 2016-17, na mwaka 2019 akachaguliwa wa nne kuingia NBA. Kwa kijana aliyeuanza mchezo darasa la tisa, mwaka wa namna hiyo unaweza kuwa zawadi.

Unaweza. Siku za Diakite mambo yalikuwa mengine. Tangu 2021 mchezaji akihama chuo kwa mara ya kwanza halazimiki kukaa nje msimu mzima, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena mradi masomo yake yako sawa. Maana yake ni kwamba wakati mwanao amekaa benchi akisubiri zamu yake, kocha anaweza majira ya kuchipua kumleta senta, yaani mrefu wa chini ya kikapu, aliyekomaa, wa miaka ishirini na mitatu, kutoka chuo kingine, na kiti kikawa kimejaa. Vyuo vikubwa ndivyo vinavyofanya hivyo zaidi, kwa sababu pesa wanazo. Kwa upande wa pili, mlango huohuo uko wazi kwa mwanao akitaka kuondoka. Tatizo ni lile jambo uliloliweka mwishoni mwa barua kana kwamba ni dogo, nalo mimi naliona kubwa kuliko pointi tatu: uuguzi.

Uuguzi hausomwi darasani tu. Kuna zamu za hospitali, nyingine zinaanza kabla jua halijatoka, na huwezi kuziruka kwa sababu timu ina mechi jimbo jingine. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, inaruhusu saa 20 kwa wiki za mazoezi ya lazima wakati wa msimu, na ndani ya saa hizo hazihesabiwi safari, matibabu ya misuli wala "mazoezi ya hiari" ambayo si ya hiari. Na anayehama chuo mara nyingi anakuta baadhi ya masomo yake hayapokelewi huko aendako, hasa kwenye fani kama hiyo yenye mtiririko wake. Makocha wote wawili walikujibu "hakuna shida", na jibu hilo mimi linanitia shaka. Kocha akiwa sebuleni kwako ni mgeni, na mgeni wa siku ya kwanza hana neno baya. Pigeni simu kwenye kitivo cha uuguzi chenyewe, katika vyuo vyote viwili, mwulize kama wamewahi kuwa na mchezaji wa kikapu wa kiume aliyemaliza. Hakikisheni pia kwamba chuo kile kidogo kina uuguzi wa miaka minne, na kwamba kukubaliwa na chuo ndiko kukubaliwa na kitivo. Mahali pengi mwanafunzi anaomba kitivo baadaye, na si wote wanaopata.

Sasa nikurudishe kwenye neno la kocha wa sekondari, kwamba mchezo wa mwanao ni wa yule mzee. Kwa leo huenda kweli. Lakini mchezo wa kijana wa miaka kumi na minane unabadilika. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam naye aliuanza mpira akiwa ameshakuwa kijana mkubwa. Kwa Jim Calhoun pale Connecticut, kuanzia 2006 hadi 2009, alipewa kazi iliyomkaa sawasawa, kulinda kikapu, na mara mbili akawa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika nchi nzima, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Lakini kabla msimu wake wa kwanza NBA haujaisha, alishushwa kwa muda kwenye ligi ya chini. Chuoni aliombwa kile alichokuwa nacho, huko juu aliombwa na vingine. Siitoi habari hii kumsema vibaya, maana kwa Mtanzania kufika pale alipofika ni jambo kubwa. Ila inaonyesha kwamba kocha anayekufaa leo anaweza kukuacha ulivyo, na kocha asiyekufaa leo anaweza kukupanua, au akakupoteza kabisa kwa kukulazimisha uwe mtu mwingine.

Ndiyo maana mashuti ya alfajiri yananivutia kuliko maneno yote ya watu wazima waliomo katika barua yako. Sijui yana maana gani. Huenda anaota mchezo wa kwenye tableti. Huenda amesikia simu ya baba yake na anajiandaa kwa kile anachodhani kimeshaamuliwa. Huenda anapenda tu kutupia peke yake wakati mji umelala. "Popote mtakaposema, mama" ni jibu la mtoto mkubwa wa nyumba iliyohama, mtoto ambaye pengine amekuwa mkalimani wenu hospitalini na shuleni tangu akiwa na miaka kumi na miwili na amezoea kuwapunguzia mzigo. Ukimwuliza chuo gani, atakupa jibu hilohilo. Jaribu maswali mengine, mkiwa kwenye gari, ambako hamtazamani usoni. Ukikosea, unataka kocha akufanyie nini? Pale kwa mzee, kijana yule alipokimbizisha wenzake, wewe uliwaza nini? Kama hizo pesa zisingekuwepo kabisa, ungelala wapi usiku wa kwanza wa chuo?

Pesa zenyewe nisizipuuze, kwa sababu wewe ndiye unayesimama kiwandani usiku kucha. Tangu 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu Julai 2025 chuo chenyewe kinaweza kuwalipa moja kwa moja. Kwa kuwa mna uraia, mmeepukana na vikwazo vya kazi vinavyowabana walio kwenye visa ya wanafunzi. Lakini ulizeni analipa nani, chuo au mtu wa nje. Ni kwa mwaka mmoja au mingi, na akivunjika goti mwezi wa kumi inakuwaje? Ulizeni pia ufadhili wa masomo ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote. Na pesa hizo zinakatwa kodi, tena mara nyingi hakuna anayekukatia, unatakiwa uilipe mwenyewe. Mtafute mtu wa sheria asome karatasi kabla ya sahihi. Baba yake akiona tarakimu iliyobaki baada ya kodi, atakuwa na la kusema lililo kamili zaidi, hata kama ni lilelile.

Usisahau pia kwamba makocha nao wanaondoka. Tony Bennett alistaafu Oktoba 2024, wiki chache kabla ya msimu, na vijana waliomfuata yeye wakajikuta na mwingine. Kocha wako wa pili ni mzee. Wa kwanza akishinda sana atatakiwa kwingine. Basi muulize mwanao swali gumu kidogo: kocha akiondoka kesho, chuo hicho bado unakitaka?

Bado mna wiki kadhaa. Tafuteni mechi mbili za kila timu, zipo mtandaoni, mziangalie pamoja. Msihangaike na mwanzo, nendeni dakika tano za mwisho, mwone mrefu wa timu yuko uwanjani au ameshatolewa. Kisha kila kocha aombwe majina ya vijana warefu aliowasajili miaka mitatu iliyopita, akiwemo angalau mmoja aliyehama. Kocha mpole akisitasita kutoa jina la aliyehama, hilo ni jibu. Mzee akisitasita, vivyo hivyo. Simu hizo apige mwanao mwenyewe, kwa Kiingereza chake, na baba yake awe kwenye laini akisikiliza, hata kama lori limeegeshwa kwenye kituo cha mafuta Nebraska. Wakimaliza, kijana aseme yeye kwanza alichosikia. Baba afuate. Halafu niandikie tena, kwa sababu nataka kujua yule kijana aliyeshikwa bega alisema nini.